Wacheni Vijana wa Supamaketi Wapendane
Msitupange eti kazi ya supamaketi baada ya KCSE ni ya "kujifunza nidhamu". Kijana wa miaka 18 anapanga unga kutwa nzima kwa pesa ya kibarua. Akivunja chupa ya mafuta, anakatwa. Kisha anampenda msichana wa kaunta ya mkate, wanagawana chapo madondo, na ghafla meneja anakumbuka sheria: mapenzi kazini marufuku! Anayefutwa, hapo hapo, ni msichana.

Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akimaliza mwezi mfululizo anahesabiwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi ya siku 28. Hiyo mbona hamuikumbuki? Mapenzi yao hayajaiba hata peremende. Nyinyi je?