Dakika 57 za uongo

Wasomaji, kuna uongo mmoja wa tarakilishi unaonikera kupita kiasi, na wanaoueneza ni waandishi wa programu wenzangu.

Chukua viwanja viwili vya ndege huko Aktiki: Grise Fiord, Kanada, na Qaanaaq, Greenland. Vikokotoo vingi vya safari za ndege mtandaoni hufanya hivi: hupima umbali kwa fomula ya haversine, hugawanya kwa kasi ya jeti, tuseme kilomita 800 kwa saa, halafu huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Jibu: kilomita 360 hivi, dakika 57.

Umbali sina ugomvi nao. Haversine inajua kuwa dunia ni mviringo. Karibu na latitudo ya 77, digrii moja ya longitudo ni kilomita 25 tu, si 111 kama hapa kwetu ikweta. Mvivu anayetumia Pythagoras juu ya digrii atapata jibu zuri kati ya Nairobi na Kisumu, lakini kule atapata kilomita 1,500!

Muda ndio uongo mtupu. Uwanja wa Qaanaaq ni wa changarawe, mita 900. Wa Grise Fiord ni mfupi zaidi, umebanwa na milima. Jeti gani itatua hapo? Inayotua Grise Fiord ni Twin Otter, ndege ndogo ya propela isiyofikia hata nusu ya kasi ile.

Tena hakuna ndege ya abiria ya ratiba kati ya miji hiyo miwili. Utatoka Grise Fiord hadi Resolute, kisha Iqaluit. Hapo utafute njia ya kuvuka hadi Nuuk (safari za msimu zilirejeshwa mwaka 2024), upande kaskazini kupitia Ilulissat au Upernavik, ndipo ufike Qaanaaq. Ni zaidi ya kilomita 4,000 na siku kadhaa, hali ya hewa ikikuhurumia.

Mtu atasema: "Ni makadirio tu, na nani huenda huko?" Wanaishi watu huko, ndugu yangu! Katika karne ya 19 Qitdlarssuaq aliongoza Wainuit kutoka kisiwa cha Baffin hadi kaskazini mwa Greenland kwa sledi za mbwa, na wajukuu wao wako huko hadi leo. Ndugu wametenganishwa na mpaka na ukosefu wa ndege, kisha programu inamwambia afisa aliye mbali kwamba ni mwendo wa saa moja. Akiamini hivyo, ataona haja gani ya kuwawekea usafiri?

Makadirio hukaribia ukweli. Saa moja badala ya siku kadhaa si makadirio.

Dawa yake ni rahisi: weka jedwali la safari zilizopo, na sharti moja kwenye programu. Safari isipokuwepo, andika "Hakuna ndege ya moja kwa moja" na uache nafasi ya muda wazi. Anayepinga na alete hoja.