FLASHI INAYOMPAKA MTU CHOKAA

Leo nataka tuongee habari za flashi. Ndiyo, flashi, ile taa ya mpiga picha inayokupiga machoni ukumbini mpaka unaona nyota ukiwa ndani ya nyumba. Usifunue ukurasa kwanza! Mambo haya yanakuhusu hata kama hujawahi kushika kamera, maana siku moja kuna mtu atakumulika wewe.

Naanza na kisa changu, na kisa chenyewe si cha kujisifia.

Mwaka 2023 dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alifanyiwa sendofu. Kazi ya picha nikapewa mimi kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani, yaani malipo ni pilau na ahsante. Nikachomeka flashi juu ya kamera, ikatazama mbele kama taa ya bajaji, kazi ikaanza: pa! pa! pa! Najiona mimi ndiye mimi, na koti nimevaa.

Miezi minne baadaye mama mkubwa akatutoka. Presha. Dada akanipigia simu alfajiri, sauti imekauka: "Mdogo wangu, tunaomba ile picha ya mama ya siku ya sendofu, alipovaa gauni la bluu. Tunataka ya kuweka mbele ya jeneza."

Nikafungua kompyuta. Picha zenye mama mkubwa zilikuwa 41, nilizihesabu. Katika zote 41 paji la uso linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga, mashavu yamepauka rangi ya majivu, na nyuma yake ukutani kuna kivuli cheusi kimemkalia begani. Mama mkubwa alikuwa mweusi, ule weusi mzuri wa kupendeza, na akicheka uso mzima unacheka. Katika picha zangu yule mama hakuwemo. Kulikuwa na mtu aliyepakwa chokaa.

Ikabidi ichukuliwe picha ya kitambulisho, ikakuzwa mpaka ikawa chengachenga. Ndiyo watu waliyopita mbele yake kuaga. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa mwanga. Yupo fundi mmoja mwenye studio ndogo huku uswahilini, mzee wa watu, akanikubalia niwe nachukua kifaa Jumatatu narudisha Ijumaa kabla harusi zake hazijaanza. Modeli wangu ni mdogo wangu wa kike aliye kidato cha pili, malipo yake chipsi mayai. Haya ninayokuambia nimeyajaribu kwa mikono yangu, sikuyasoma kwenye boksi.

FLASHI YENYEWE

Niliyoishika kwa muda mrefu ni Godox TT600. Godox ni kampuni ya Wachina wa Shenzhen, imeanza mwaka 1993, na siku hizi ukiingia kwenye kumbi zetu utaiona kwenye kamera nyingi. TT600 inakula betri nne za AA, zile za saa ya ukutani, na ndani yake mna redio, kwa hiyo unaweza kuiweka mbali na kamera ukaiamrisha bila waya, mradi uwe na kile kifaa kidogo cha kuiamrishia juu ya kamera.

Kasoro yake, kama ni kasoro, haijipimii mwanga. Unaipangia nguvu mwenyewe kwa mkono: nzima, nusu, robo, mpaka sehemu moja ya 128. Siku mbili za kwanza niliilaani. Siku ya tatu nikaipenda, maana ilinilazimisha kutazama uso wa mtu badala ya kuiamini mashine.

Nikaazima na Godox V1, ile yenye kichwa cha duara. Hii inajipimia yenyewe, ina betri kubwa ya lithiamu, na kwa nguvu nzima inajaa tena kwa kama sekunde moja na nusu wakati TT600 inataka kama mbili na nusu. Ni raha, sikufichi. Ila kujipimia huko nako kuna kasheshe. Kamera hudhani kila ilichokiona kina rangi ya katikati, si cheusi si cheupe. Bibi harusi akijaa mbele ya lenzi na shela lake jeupe, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, uso wa bibi harusi unazama gizani. Bwana harusi akija na suti nyeusi, kamera inaongeza mwanga, masikini kaka wa watu anapauka. Kwa hiyo hata yenye akili inataka kusimamiwa.

Sasa sikiliza kituko. Nilimpiga mdogo wangu kwa TT600 ikiwa juu ya kamera imetazama mbele, halafu nikampiga kwa V1 imekaa vilevile. Nikampelekea mama zote mbili achague. Akasema: "Zote mbaya." Pesa yote ile ya ziada, na chokaa ni ileile!

JUA LA SAA SITA

Yule mzee wa studio ndiye aliyenifungua macho, na alinieleza bila kutaja kifaa chochote. Akaniuliza: "Kijana, jua la saa sita mchana na mawingu ya masika, lipi linampendeza mtu usoni?" Nikajibu mawingu. "Kwa nini?" Nikanyamaza.

Jibu ni hili. Jua ni kubwa lakini liko mbali, kwa hiyo tukilitazama angani ni kidoa tu. Mwanga unaotoka kwenye kidoa unakata vivuli kama kisu. Mawingu yakitanda, anga lote linageuka taa, mwanga unamfikia mtu kutoka kila upande, vivuli vinayeyuka. Flashi iliyo juu ya kamera ni kidoa, tena kidoa kilichokaa karibu na lenzi, kinaupiga uso moja kwa moja mpaka pua na mashavu vinakuwa bapa kama chapati.

Kwa sisi weusi jambo hili lina uzito wake. Ngozi nyeusi umbo lake linaonekana kwa jinsi inavyong'aa. Taa ikiwa kidoa, mng'ao nao unakuwa kidoa, paji linawaka na kwingine kunakufa. Taa ikiwa pana, mng'ao unatandaa taratibu kutoka shavuni mpaka kidevuni, na rangi ya mtu inabaki yake. Wapiga picha wengi wakiona mtu mweusi wanaongeza nguvu ya flashi. Nami nilikuwa hivyohivyo. Kumbe kinachotakiwa ni upana.

KOFIA YA PLASTIKI

Kile kikofia cheupe kinachovalishwa flashi umekiona, kila mpiga picha anacho. Nimekijaribu sebuleni kwetu, penye dari jeupe la chini, kikafanya kazi vizuri: mwanga unaruka darini na ukutani, unarudi kwa upole. Nikatoka nacho uani usiku. Hakuna dari, hakuna ukuta, mwanga nusu umekwenda kumulika popo, kivuli kiko palepale na betri inaisha. Kofia haina upana wa maana, inachofanya ni kutawanya mwanga ili kuta zikusaidie. Kama hakuna kuta, umevalisha flashi urembo.

DARI NA MANILA

Kuielekeza flashi juu darini ni bure, na ndani ya nyumba ni bora kuliko kofia. Ila angalia kuna nini huko juu. Kumbi zetu zinapambwa vitambaa siku hizi, na mwanga ukigonga kitambaa cha zambarau unarudi wa zambarau, wazazi wote mezani wanakuwa kama wamepondwa. Turubai jeupe linafaa sana. Turubai la bluu, achana nalo kabisa.

Dawa yake ya bei ya soda ni manila nyeupe, ileile ya shuleni. Kata kipande kama daftari dogo, kifunge nyuma ya kichwa cha flashi kwa mpira wa kufungia noti, kiiname kidogo mbele. Si muujiza, lakini ukiwa karibu na mtu tofauti utaiona, hasa machoni.

MWAVULI, BABA LAO

Hapa ndipo mdogo wangu alipoacha kulalamika. Mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, upana wake kama mita moja, umefungwa kwenye stendi pamoja na TT600. Nikauweka upande wake wa kushoto, juu kidogo ya kichwa, umbali wa mita moja na nusu. Kile kidoa cha flashi kikawa taa ya upana wa mita. Picha ya kwanza tu akaishika kamera: "Kaka, huyu ni mimi?"

Siri yake ni kuuweka karibu. Mwanga una hesabu mbaya: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika ni robo, na ukizidi mara tatu inabaki sehemu moja ya tisa. Tena ukiusogeza mbali mwavuli unageuka kidoa upya. Watu wananunua flashi kubwa zaidi wakati kilichotakiwa ni hatua mbili mbele.

Ubaya wake? Upepo. Uani kwetu ulipigwa dafrao mara mbili, mara moja ukaangukia beseni la nguo. Sasa naning'iniza dumu la maji la lita tano chini ya stendi, na nikiwa shughulini namwomba mtoto mmoja mkubwa asimame pale. Na ukumbini mwavuli unatapanya mwanga ovyo, mpaka ukutani na kwa dijei. Hapo softiboksi inaushinda, maana kingo zake zinauzuia mwanga na kuupeleka unapotaka. Lakini kuipanga kuna sarakasi yake, vijiti huku kitambaa kule, bibi harusi ameshaingia wewe bado unapambana na zipu. Kwa mtu anayeanza, mwavuli, tena bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya flashi. Namba za shilingi sitaji, maana Kariakoo bei ya asubuhi si ya jioni.

Ile taa ya duara wanayoipenda dada zetu wa vipodozi nayo nimeijaribu. Kwa mtu mmoja aliye karibu ni nzuri, na unaona mwanga kabla hujapiga. Kwa ukoo wa watu 30 mbele ya nyumba, jua linawaka, ni kama kuleta kibatari.

NENO LA BETRI

Nunua betri za kuchaji, aina ya nikeli, seti mbili. Zina volti 1.2 wakati zile za kutupa zina 1.5, lakini zinaijaza flashi haraka zaidi kwa sababu zinatoa umeme bila kusita. Na tafadhali sana, flashi ikiwa kimeo usiifungue na bisibisi nyumbani! Ndani yake mna kapasita inayohifadhi umeme wa volti zaidi ya 300, na inaweza kukaa nao hata betri zikiwa mezani. Hiyo si shoti ya kucheka. Vilevile ukirithi flashi ya zamani ya babu, muulize fundi aipime kabla hujaichomeka kwenye kamera ya kisasa. Baadhi zinarudisha volti zaidi ya 200 kwenye mguu, na kamera inaweza kufa hapohapo.

JUMAPILI KIBARAZANI

Mwezi uliopita nilimwomba mama yangu akae kibarazani nimpige picha. Akakataa. "Mimi picha ya nini? Unataka kunizika?" Nikamwambia mama, ni mazoezi tu, jikalie. Akaenda kubadili khanga, nikajua amekubali. Nikaweka mwavuli mita moja kutoka usoni pake, TT600 kwenye sehemu moja ya nane, dumu la maji chini. Nikampigisha stori za mchele kupanda bei mpaka akasahau kamera.

Nilipomwonyesha alikaa kimya muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akaishusha, akaikuza tena. Halafu akasema: "Huyu amefanana na dada yangu."

Nimesafisha mbili. Moja iko sebuleni kwetu. Ya pili nimempelekea dada, mtoto wa mama mkubwa, naye kaiweka kabatini pembeni ya ile ya kitambulisho.

Kwa hiyo wewe mwenzangu uliye na flashi, Jumamosi hii kabla ya kwenda ukumbini jaribu kuishusha kutoka juu ya kamera japo mara moja, umpige mama yako kwanza. Na wewe usiye na kamera, ukimwona kijana anahangaika na mwavuli na dumu la maji shughulini, usimcheke. Mshikie.

Tukutane wiki ijayo, palepale, penye kiti chetu.