Chanda chema huvikwa pete, lakini nani hukilisha?

KILA Oktoba inapowadia, Wakenya wengi huelekeza macho Stockholm, Uswidi, wakisubiri jina moja tu: la mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kwa miaka mingi walikuwa wakimngojea Ngugi wa Thiong'o, hadi alipoaga dunia Mei 2025 bila kuipata. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotajwa mwaka wa 2021, wengi walifarijika kwamba angaa jirani amekumbukwa.

Siku chache kabla ya tangazo hilo la fasihi huwa kumetangazwa tuzo ya tiba. Hilo hupita kimyakimya, pengine kwa sababu hakuna Mkenya anayetarajiwa. Hadi kufikia tuzo za 2025, hakuna mtu mweusi aliyewahi kutunukiwa Nobel ya tiba, fizikia au kemia tangu zilipoanza kutolewa mwaka wa 1901. Max Theiler, aliyeshinda ya tiba mnamo 1951 kutokana na chanjo ya homa ya manjano, alizaliwa Pretoria, lakini kazi iliyompa sifa aliifanyia New York.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Jambo lisiloulizwa sana ni nani aliyekilisha chanda hicho miaka yote kabla ya pete kuletwa. Mfano ulio karibu mno na maisha ya Mkenya ni tuzo ya tiba ya mwaka wa 2015, ambayo nusu yake ilimwendea Bi Tu Youyou wa China kwa kugundua dawa ya malaria ya artemisinini.

Mnamo 1967, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523 kwa kuwa ulizinduliwa Mei 23. Malaria ilikuwa ikiwaangamiza wanajeshi wa Vietnam Kaskazini, nayo klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa nguvu na vimelea. Wanasayansi zaidi ya 500 kutoka taasisi zipatazo 60 waliingizwa katika kazi hiyo. Huo ulikuwa wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, ambapo wasomi wengi wa China waliaibishwa hadharani na kupelekwa mashambani. Mradi ulisalimika kwa sababu za kivita wala si za huruma, lakini ulisalimika.

Tu alikabidhiwa kundi la watafiti jijini Beijing mwaka wa 1969. Hakuwa na shahada ya uzamifu, wala hakuwa amesomea ng'ambo. Yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale vya waganga wa Kichina, na katika kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya nne, wakakuta kidokezo. Mmea wa qinghao, ulio wa jamii ya pakanga, uliagizwa uloweshwe majini kisha ukamuliwe na maji yake yanywewe. Moto haukutajwa popote. Tu akatambua kwamba huenda kuuchemsha ndiko kulikokuwa kukiharibu dawa, akabadilisha mbinu na kutumia etha, ambayo huchemka kwa joto la chini. Mnamo Oktoba 1971, sampuli nambari 191 iliangamiza vimelea vyote katika panya wa maabara. Mwaka uliofuata yeye na baadhi ya wenzake walijitolea kuinywa dawa hiyo wenyewe kuhakikisha haimdhuru binadamu.

Pete ilimfikia akiwa na umri wa miaka 84, miaka 44 baada ya sampuli hiyo.

Nusu ya pili ya tuzo hiyo walipewa William Campbell na Satoshi Omura kwa kazi iliyozaa ivermektini, dawa ambayo kampuni ya Merck ilianza kuitoa bila malipo mwaka wa 1987 ili kukabiliana na upofu unaoenezwa na usubi kandokando ya mito. Wakazi wa Pwani ya Kenya nao wamewahi kugawiwa dawa hiyo katika kampeni za kutokomeza matende.

Kenya iliamua mnamo 2004 kuachana na dawa za salfa na kutumia mseto wenye artemisinini kama tiba ya kwanza ya malaria, na dawa hizo zikaanza kufika katika vituo vya afya mwaka wa 2006. Hivyo basi, mzazi wa Homa Bay au Busia anayempa mwanawe tembe hizo anavuna kilichopandwa na serikali nyingine miaka mingi kabla ya mtoto huyo kuzaliwa.

Haina maana kwamba Kenya haichangii chochote. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika mataifa saba ya Afrika, na vituo vitatu kati ya 11 vilikuwa humu nchini: Kilifi, Siaya na Kombewa. Septemba 2019 ilianza kutolewa Homa Bay kwa majaribio mapana, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha itumike. Madaktari wa Kenya waliisimamia kazi hiyo na akina mama wa Kenya wakawaleta watoto wao. Lakini chanjo yenyewe ilibuniwa mwaka wa 1987 katika maabara ya kampuni ya dawa nchini Ubelgiji. Tuzo kubwa humtafuta aliyeanza, ilhali Kenya hualikwa kazi ikiwa imefika katikati.

Kanuni za tuzo hizo nazo hazisaidii. Nobel ya sayansi haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu, wala hapewi aliyekwisha kufariki. Jack Kilby alituzwa Nobel ya fizikia mwaka wa 2000 kwa mchango wake katika uvumbuzi wa saketi zilizounganishwa, teknolojia inayoendesha kila simu na tarakilishi. Robert Noyce, aliyeivumbua kwa njia yake mwenyewe karibu wakati huohuo, alikuwa amefariki mwaka wa 1990. Hata kwa Tu, wapo waliouliza vipi mradi wa watu 500 ukapata mshindi mmoja.

Historia, kwa upande wake, haina Nobel. Mwanahistoria Theodor Mommsen aliingilia mlango wa fasihi mnamo 1902. Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 95, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kazi ya UNESCO ya kuandika upya historia ya Afrika kwa majuzuu manane, kazi ya wataalamu zaidi ya 230. Ni vigumu kuona kazi ya aina hiyo ingewekwaje katika tuzo ya watu watatu.

Zipo tuzo zinazojaribu kuja mapema. Ile ya uhandisi barani Afrika, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, huwapa wabunifu walioteuliwa mafunzo ya miezi kadhaa kabla ya mshindi kutajwa. Norah Magero aliishinda mwaka wa 2022 kwa jokofu dogo la kuhifadhia chanjo linalotumia nishati ya jua. Esther Kimani naye akaishinda mwaka wa 2024, na pauni 50,000, kwa kifaa kinachotambua wadudu na magonjwa shambani. Wote ni Wakenya, lakini fedha ni za Uingereza.

Na hapo ndipo penye kero. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka Hazina Kuu itenge asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka kwa ajili ya utafiti. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Bajeti husomwa Juni baada ya Juni, na mijadala huwa ya ushuru wa mkate na mafuta, jambo linaloeleweka, huku mtafiti akiandika maombi ya ufadhili kwa wahisani wa London na Washington.

Hatari ya mpango huo ilidhihirika Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni. Baadhi ya tafiti za afya barani Afrika zilikatizwa njiani, sampuli zikiwa bado kwenye majokofu na washiriki wakiwa wameshaandikishwa. Wakati China ilipokuwa ikiwaandama wasomi wake yenyewe, wanaofanya utafiti wa qinghao waliendelea kulipwa.