AFYA YAKO: Sindano ya kisukari na figo

Huenda umesikia maneno haya kilabuni au kwenye mnada. "Fulani alianza kuchomwa sindano ya kisukari. Haukupita muda, figo zikafa. Sindano ndiyo iliyomharibu." Watu wa Bunda, Butiama na Musoma husema hivyo. Wengine huogopa na kuikataa sindano.

Sindano hiyo ina insulini. Insulini hutengenezwa mwilini na kiungo kiitwacho kongosho. Kazi yake ni kuitoa sukari katika damu na kuiingiza katika mwili ili tupate nguvu. Kongosho ikishindwa kuitengeneza ya kutosha, sukari hujaa katika damu.

Sukari hiyo ndiyo inayoharibu figo. Figo ni kama chujio la chai, lakini matundu yake ni madogo sana. Sukari nyingi huyaharibu polepole, kwa miaka mingi, bila maumivu. Wengi wetu tunaanza sindano tumechelewa, figo zimekwisha kuumia. Ndipo lawama inapoiangukia sindano.

Mwaka 1993 madaktari wa Marekani na Kanada walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwafuatilia wagonjwa 1,441 wanaotumia insulini. Wale walioshusha sukari zaidi kwa insulini walipata madhara machache ya figo kuliko wenzao. Basi insulini hulinda figo.

Lakini kuna jambo jingine, nalo watu wengi hawalijui. Figo ndizo zinazovunja sehemu kubwa ya insulini ya sindano baada ya kufanya kazi. Figo zikichoka, insulini haivunjwi upesi. Inabaki mwilini na kuendelea kushusha sukari.

Tuchukue mfano wa mkulima wa muhogo. Alikuwa akichoma yuniti 30 kwa siku. Chakula chake hakikubadilika, wala kazi yake ya shamba. Lakini sukari yake ikaanza kushuka mno. Mganga akampunguzia hadi yuniti 20, kisha 14. Nyumbani wakafurahi. "Baba amepona!" Kuku akachinjwa. Kumbe kisukari kilikuwa palepale, na figo ndizo zilizokuwa zinakufa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, dozi yako ikipungua bila sababu unayoijua, usishangilie kwanza. Mwulize mganga, "Je, figo zangu zikoje?"

Usiache sindano kwa shauri lako mwenyewe. Kuna wagonjwa ambao wakiacha insulini hufa kwa siku chache. Mganga ndiye wa kupunguza dozi.

Wanaoishi na mgonjwa nao wajue dalili za sukari kushuka mno. Mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, husikia njaa kali, na huongea maneno yasiyoeleweka. Wengine hudhani amelewa au amerogwa. Mpeni upesi vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari katika maji, au soda yenye sukari. Akipata nafuu, ale chakula. Akizimia, msimtie kitu chochote mdomoni. Mlazeni ubavu na mumpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Figo huugua kimya. Miguu ikivimba, au mkojo ukiwa na povu jingi kila siku, mara nyingi ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Afadhali kupima mapema. Vipimo ni viwili. Cha kwanza ni cha mkojo, kuona kama protini inavuja. Cha pili ni cha damu, nacho huitwa kriatinini. Mwenye kisukari apimwe vyote viwili angalau mara moja kwa mwaka. Presha nayo ipimwe kila anapokwenda kliniki, kwa sababu presha ya juu huharibu figo vilevile.

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kama hawana kipimo cha damu, waombe barua ya kwenda hospitali ya Musoma. Hospitali ya Mwalimu Nyerere iko Kwangwa. Wazee wanalikumbuka jengo lile, lilivyokaa miaka mingi bila kumalizika.

Chukua daftari lako la kliniki. Mwonyeshe mganga dozi ulizochoma mwaka jana na unazochoma sasa.