Casablanca ni filamu yetu

Wandugu, tukisikia filamu ya kizungu ya 1942, tena nyeusi na nyeupe, wengi tunapita. Mimi nasema Casablanca tuiangalie. Watu wanaisifu kwa mapenzi ya Rick na Ilsa. Yapo kweli, lakini kinachoifanya isizeeke ni makaratasi.

Wakimbizi waliowatoroka Wanazi wamekwama Casablanca, Moroko, wanangoja viza wafike Lisbon, halafu Marekani. Kuna mama anauza almasi zake kwa bei ya bure. Rick ana barua mbili tu za kusafiria. Anampenda Ilsa, na Ilsa ana mume. Watu watatu, nafasi mbili.

Hata baadhi ya waigizaji walikuwa wakimbizi. Madeleine Lebeau, yule anayelia wimbo wa taifa wa Ufaransa ukiimbwa, aliikimbia Ufaransa 1940 na mumewe Marcel Dalio, Myahudi, naye yumo humo.

Sisi wa Kigali, na wenzetu wa Mahama na Gashora, hesabu hiyo tunaijua. Kesi inafunguliwa ukiwa peke yako, miaka inapita, unapenda, unaoa. Halafu unaogopa hata kumtaja mkeo, usije ukarudishwa nyuma ya foleni.

Dada na kaka mnaotufanyia intavyuu, mtu akija kuongeza mke kwenye kesi, msianze kwa kudhani ni ujanja. Kungoja si kuacha kuishi. Rick alichagua mwenyewe kubaki. Kwetu mara nyingi faili ndilo linalochagua.