Kushuka pamoja

Waingereza wana neno "condescension". Siku hizi neno hilo ni lawama: humhusu mtu anayezungumza na mwenzake kwa upole wenye dharau, kana kwamba anamfundisha mtoto mdogo. Lakini halikuzaliwa hivyo.

Asili yake ni Kilatini, condescendere, yaani kushuka pamoja na mwingine. Wakristo walilitumia kumsifu Mungu. Mtakatifu Yoane Krisostomo, aliyefariki mwaka 407, alifundisha kwamba Mungu hujishusha hadi kwenye uwezo wetu na kusema nasi kwa namna tunayoielewa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulirudia fundisho hilo mwaka 1965, katika hati Dei Verbum, namba 13.

Hata Uingereza neno hilo lilikuwa sifa. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inalieleza kuwa ni mkubwa kujiweka sawa na wadogo kwa hiari yake. Lakini mwaka 1813, katika riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, mchungaji mmoja anasifu bila kuchoka jinsi bibi tajiri anavyojishusha kwake. Msomaji hucheka, kwa maana bibi huyo anaamuru kila kitu na hasikilizi mtu.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo neno lilipoharibika: kushuka kulibaki, "pamoja" ikapotea.

Hatari hiyo ipo katika vikundi vyetu pia. Tunawapelekea wagonjwa sabuni na chumvi, tunapiga picha, tunaondoka bila kujua majina yao. Katika mkutano, aliyesoma anazungumza Kifaransa kwa muda mrefu, kisha anawatupia akina mama sentensi mbili za Kiswahili, kana kwamba mambo mengine yanawazidi. Nia inaweza kuwa njema. Lakini anayetendewa hivyo huhisi dharau, naye hakosei.

Dawa si kuacha kuwaendea wenzetu. Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi katika sura ya 2, anatuonyesha Kristo aliyeshuka kabisa: akawa mtu, akatii mpaka kifo cha msalaba. Hakupita kutusalimia tu, alikaa kwetu.

Basi, kabla ya ziara ijayo, kila kikundi kijiulize: tutaketi na nani, tutamsikiliza kwa muda gani, na tuko tayari kujifunza nini kwake?