Kiwanda cha Mwani na Maji ya Kina

Kila mwani unapozungumzwa Zanzibar, mazungumzo huishia pahala pamoja: kiwanda. Tunauza nje mwani mkavu kwa magunia, wenzetu wanausarifu, kisha unaturudia ndani ya dawa ya meno, aiskrimu na losheni kwa bei nyingine kabisa. Hoja hiyo ni ya haki, na Serikali ya Mapinduzi imeichukua kwa uzito tangu ilipouweka uchumi wa buluu mbele ya sera zake. Mradi wa kiwanda huko Chamanangwe, Pemba, ni sehemu ya jibu lake. Nami nakiunga mkono kiwanda. Ninachokipinga ni imani kwamba mashine peke yake itampandishia kipato mama anayefunga mwani kwenye kamba. Umaskini wa zao hili unaanzia majini, na huko ndiko fedha za mwanzo zinakotakiwa kwenda.

Tunalima mwani wa aina mbili: kotonii na spinosamu. Viwanda vya duniani vinatafuta ute uliomo ndani yake, uitwao karajinani, ambao huganda na kuzuia vyakula na vipodozi visitengane. Kotonii hutoa ute unaoganda ukawa mgumu, wenye soko pana kwenye nyama za kusindikwa, maziwa ya chokoleti na vyakula vingine vingi. Ute wa spinosamu ni laini zaidi na soko lake ni dogo. Ndiyo maana kilo ya kotonii kwa kawaida hununuliwa kwa bei inayokaribia mara mbili ya spinosamu, au hata kuzidi.

Kilimo kilipoanza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino na baada ya miaka mingi ya utafiti na ushawishi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aina zote mbili zilipandwa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ilianza kufa. Pwani za Unguja ikatoweka karibu kabisa, ikabakia sehemu chache, hasa Pemba. Wakulima waliona matawi yakigeuka meupe, yakilainika na kukatika, kamba zikabaki tupu kabla ya kufika wiki sita za kuvuna.

Sababu zake zinajulikana vya kutosha kufanyiwa kazi. Mashamba yetu yako kwenye maji mafupi ndani ya mwamba, pale ambapo bamvua likipwa mtu anaweza kutembea hadi kwenye vijiti vyake. Bahari ikipwa mchana wa jua kali, maji machache yaliyobaki hupata joto kuliko kotonii inavyoweza kustahimili. Mmea ukishadhoofika, vijidudu huushambulia. Mvua kubwa nayo hupunguza chumvi. Juu ya hayo, mbegu yenyewe ni kipande kilichokatwa kutoka mmea wa jana na kufungwa tena, msimu baada ya msimu, kwa zaidi ya miaka 30. Uzao ni ule ule, na nguvu yake imepungua. Kazi ya kutafuta mbegu mpya miongoni mwa mwani wa porini wa pwani yetu imeanza, na inastahili bajeti ya kudumu kuliko ya mradi unaokwisha.

Sasa turudi kwenye kiwanda. Kusarifu mwani hadi kupata karajinani kunahitaji maji baridi mengi, magadi makali ya kuuchemshia, nishati, na namna salama ya kuyaondoa maji machafu. Kunahitaji pia mali ghafi ya kutosha, yenye ubora mmoja, mwaka mzima. Washindani wetu, Indonesia na Ufilipino, wana kotonii nyingi na uzoefu mrefu. Sisi tutaingia sokoni na spinosamu kwa wingi na kotonii kidogo. Kiwanda chenye uchu wa mwani wa bei rahisi kinaweza kabisa kuwa mnunuzi mwingine tu anayembana mkulima, safari hii akiwa na bendera yetu.

Kuna njia nyingine inayosifiwa sana: sabuni. Tangu ulipoanzishwa Umoja wa Mwani Zanzibar mwaka 2006, kwa juhudi za Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, vikundi vya wanawake vimejifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni za mafuta ya nazi na karafuu, losheni, hata achari na juisi. Wanawake wa Kibuyuni, Kwale, upande wa Kenya, wamepita njia hiyo hiyo. Naiheshimu kazi hii kwa dhati. Imempa mama jina kwenye bidhaa yake, na faida ya kipande kimoja cha sabuni humwachia fedha ambayo kilo nzima ya mwani mkavu haijawahi kumwachia. Lakini sabuni hula unga kidogo sana wa mwani, na mnunuzi wake mkubwa ni mgeni anayepita Mji Mkongwe au Paje. Wageni walipokosekana mwaka 2020, ilionekana wazi soko hilo linasimama juu ya nini. Maelfu ya tani hayawezi kupita kwenye mlango huo.

Kinachobaki ni kuirudisha kotonii, na kotonii inataka maji ya kina, yenye ubaridi na mkondo. Hapa ndipo ninapoomba wenye maamuzi watulie kidogo. Wakulima wa mwani zaidi ya 20,000 wa Zanzibar wengi wao ni wanawake, kiasi cha wanane katika kila kumi. Zao hili liliwafaa kwa sababu shamba lilifikika kwa miguu, bila chombo, bila kumwomba mtu. Kwa fedha za mwani wamejenga nyumba, wamelipa ada za watoto, wamepata sauti kwenye mambo ya nyumbani. Maji ya kina yanataka boti, maboya, nanga na mtu anayejua kuogelea. Boti pwani yetu ni mali ya mwanamume. Wanawake wengi wa vijijini hawakufundishwa kuogelea.

Tukiachia mambo yaende yenyewe, mwani wa bei nzuri utahamia mikononi mwa wenye vyombo, na mama atabaki ufukweni na spinosamu, akisogezwa na mahoteli kila mwaka. Wanaume wengi walioanza kilimo hiki walikiacha bei ilipokuwa duni. Bei ikipanda watarejea, na haki yao ni kurejea, ila si kwa kumtoa aliyelishikilia zao hili wakati halilipi. Dk. Msuya na wenzake wameshajaribu pamoja na wakulima wanawake nyavu za mirija zinazoweza kukaa kwenye maji ya kina bila kotonii kukatika. Wasichana wa Nungwi wamefundishwa kuogelea wakiwa na mavazi ya stara, na jamii imekubali. Kwa hiyo hakuna fumbo. Gharama ya mtambo mmoja wa kiwandani ingenunua boti nyingi za vikundi, zenye hati kwa majina ya wanawake wenyewe.

Halafu kuna mizani. Mara nyingi anayekupa kamba na mbegu ndiye anayenunua mavuno, na bei anaipanga yeye. Aliyeanika juu ya kichanja, mwani wake safi na mkavu, hulipwa sawa na aliyeanika mchangani. Basi kwa nini ajisumbue? Kiwanda cha Serikali kina nafasi ambayo mnunuzi binafsi hana: kutangaza bei kwa madaraja kabla ya mbegu kufungwa, kotonii mbali na spinosamu, safi mbali na yenye mchanga, na kuibandika bei hiyo penye mizani ya kila kijiji, ili mkulima aijue kabla hajapakua gunia.